Hakuna Sekunde za Kutoa

Msimu wa mitihani ya vitendo ukikaribia, swali huwa lile lile. Linaletwa na wanafunzi, linaletwa na wazazi waliotumwa na watoto wao, na siku hizi linaletwa hata na walimu vijana ambao ningetarajia walijibu wao wenyewe: "Shikamoo Mwalimu. Kwenye jaribio la pendulamu, tutoe sekunde ngapi za kuchelewa kwa mkono?" Wengi hawaulizi kama zitolewe au zisitolewe. Hilo walishamalizana nalo tuisheni. Wameambiwa ni 0.2, wanataka tu nigonge mhuri. Wapo walioandikiwa 0.25, na wapo walioandikiwa 0.4 kwa hoja kwamba mkono huchelewa mara mbili: wakati wa kuwasha stopwachi na wakati wa kuizima.

Marahaba. Jibu ni sifuri. Usitoe chochote kwenye namba uliyoisoma.

Ningeishia hapo kama ningekuwa na hakika kwamba wiki ijayo hatakuja mwingine na 0.3 yake. Sina hakika hiyo, kwa hiyo tuichambue dawa hii ya tuisheni hadi mzizi wake.

Imeanzia kwenye jambo la kweli. Mtu anayesubiri taa iwake ndipo abonyeze kitufe huchelewa kwa takriban sehemu ya tano ya sekunde. Jicho lione, ubongo uamue, kidole kitii. Yote hayo yanakula muda. Hakuna anayebisha. Balaa linaanza pale mtu anapoichukua ile 0.2 na kuipeleka kwenye daftari bila kujiuliza imeingilia wapi. Chukua uzi wa mita moja na gololi yake, hapa Dar es Salaam. Gololi inapita kwenye alama, nawe unabonyeza 0.2 baadaye. Inabembea mara 20, inapita tena kwenye alama ile ile, nawe unabonyeza tena 0.2 baadaye. Stopwachi imechelewa kuanza kwa 0.2 na imechelewa kusimama kwa 0.2. Muda ulio katikati haujaguswa. Kuchelewa kwa mwanzo kumepunguza usomaji, kuchelewa kwa mwisho kumeuongeza kwa kiasi hicho hicho, na hesabu imejifunga yenyewe. Huyo anayejumlisha 0.2 na 0.2 apate 0.4 amechanganya kutoa na kujumlisha, kosa ambalo akiwa dukani anarudishiwa chenji asingelifanya hata siku moja.

Madhara yake yanapimika. Mabembeo 20 ya uzi huo, hapa Dar, huchukua sekunde 40.18. Mwanafunzi aliyepima vizuri, mkono umetulia, akapata 40.18 yake, halafu akatii tuisheni na kuandika 39.98, atapata g (mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao ndio jaribio hili linautafuta) ya 9.88 badala ya 9.78. Hilo ni kosa la asilimia moja alilolitengeneza mwenyewe kwa kalamu, baada ya maabara kumpa jibu sahihi. Na huyo ana bahati, maana alihesabu mabembeo 20. Aliyepima bembeo moja tu, akasoma sekunde 2.01, akatoa 0.2, anaishia na g ya 12. Aliyetoa 0.4 kwenye bembeo hilo hilo moja anapita 15. Nimesahihisha karatasi zenye g ya 12, na chini yake mtahiniwa ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba tofauti na thamani ya vitabuni imesababishwa na makosa ya kibinadamu. Ni kweli, lakini binadamu mwenyewe yuko tuisheni.

"Lakini Mwalimu, mkono wangu hauchelewi sawasawa kila mara."

Hapo sasa umeuliza. Leo 0.18, kesho 0.25, na mara nyingine kidole kinatangulia hata kabla ya gololi kufika. Ukiondoa sehemu inayofanana mwanzo na mwisho, inabaki yumbayumba ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa mtu wa kawaida, huku au kule. Huijui ni ya kujumlisha au ya kutoa. Ungeijua usingehitaji kupima. Kwa hiyo haitolewi. Inazimuliwa. Sehemu ya kumi ya sekunde kwenye bembeo moja la sekunde mbili ni asilimia 5, na kwa kuwa muda unapandishwa kipeo cha pili kwenye fomula, kwenye g inakuwa asilimia 10. Sehemu hiyo hiyo ikigawanywa kwenye sekunde 40 ni robo ya asilimia, na kwenye g ni nusu asilimia. Ndiyo sababu tunahesabu 20. Hatuhesabu 20 ili kuwachosha watoto.

Mjesuti mmoja wa Italia, Giovanni Battista Riccioli, alilielewa hili mapema mno. Katika miaka ya 1640 alitaka pendulamu ipigayo sekunde kamili, akawakusanya wenzake tisa wakapokezana kuihesabu kwa saa 24 mfululizo, wakafika pigo la 87,998. Alitaka 86,400, basi akajua uzi wake ni mfupi mno. Kwenye hesabu ya siku nzima, nani atajali kuchelewa kwa kidole?

Aliyelilipia somo la mkono kwa ajira yake ni David Kinnebrook. Alikuwa msaidizi katika kituo cha kuangalia nyota cha Greenwich, Uingereza, chini ya Nevil Maskelyne, mwanaastronomia wa Mfalme. Kazi ilikuwa hivi: unaweka jicho kwenye darubini yenye waya mwembamba uliosimama wima, unasikiliza mapigo ya saa ya pendulamu, na nyota inapokata waya unakadiria sekunde na sehemu zake za kumi. Mwaka 1795 Maskelyne aliona nyakati za Kinnebrook zinachelewa kuliko zake kwa nusu sekunde. Akamwonya. Kufikia Januari 1796 tofauti ilikuwa 0.8, na Kinnebrook akafukuzwa kazi. Miaka zaidi ya ishirini baadaye Friedrich Wilhelm Bessel, huko Königsberg, aliisoma habari hiyo, akajilinganisha na wanaastronomia wengine mahiri, akakuta tofauti za aina hiyo hata kati yao. Kila mtu ana kuchelewa kwake, na si uzembe. Kijana wa watu alifukuzwa kwa sababu bosi alidhani kuchelewa kwake mwenyewe ni sifuri.

Sasa ingia maabara yoyote ya shule yenye wanafunzi wanne kwa stopwachi moja. Wa kwanza anashika gololi, wa pili anawasha stopwachi, halafu stopwachi inampita wa tatu kwa kuwa naye anataka kuishika, wa nne anapiga kelele "ishirini!" na wa tatu anabonyeza. Mwanzo umepimwa na jicho na kidole cha mtu mmoja. Mwisho umepimwa na mdomo wa mtu, sikio la mwingine na kidole cha huyo huyo mwingine. Hapo kuchelewa hakujifuti, na hakuna mwalimu duniani awezaye kukuambia utoe ngapi. Aliyewasha azime. Mkitaka mmoja aite na mwingine abonyeze, ni sawa kabisa, ila mfanye hivyo mwanzo na mwisho.

Kuna njia moja maarufu ya kuiingiza 0.2 ndani ya jaribio kwa nguvu, na bahati mbaya ndiyo inayofundishwa zaidi: kuachia gololi kwa mkono wa kushoto na kuwasha stopwachi kwa wa kulia, kwa pamoja. Inaonekana ya haki. Siyo. Mikono yote miwili ni yako na umeiamuru wewe, kwa hiyo mwanzoni hakuna kuchelewa. Mwishoni unasubiri uone gololi imerudi. Kuchelewa kuko upande mmoja tu, unapata 40.38, na g inashuka hadi 9.68. Nadhani ndiyo mimba ya imani yote ya kutoa 0.2: mtu alianza vibaya, akapata muda mrefu, badala ya kurekebisha namna ya kuanza akatafuta namba ya kutoa.

Na ubaya wa kuanzia pembeni hauishii hapo. Wanafunzi wanapapenda pembeni kwa sababu gololi inasimama pale, "inaonekana vizuri." Tazama kwa karibu. Gololi ya uzi wa mita moja iliyovutwa sentimita 5 inatumia takriban sekunde 0.13 ndani ya milimita moja ya mwisho pale inapogeuka. Kwa muda wote huo macho yako hayawezi kusema imegeuka au bado. Katikati, inapopita chini kabisa, ina kasi ya zaidi ya sentimita 15 kwa sekunde, na milimita moja inaivuka kwa sekunde 0.006 hivi. Mahali inapokimbia zaidi ndipo wakati wake unapojulikana vizuri zaidi, mara ishirini kuliko mahali inaposimama. Isitoshe, hewa inapunguza upana wa kubembea kidogo kidogo, na baada ya mabembeo 20 ile pembe uliyoanzia gololi haifiki tena. Unasubiri mgeni asiyekuja. Katikati hapahami.

Kwa hiyo acha ibembee mara mbili tatu bila kuipima, itulie, iwe inakwenda kwenye mstari mmoja na si kuzunguka kama inachora yai. Nyuma ya uzi simamisha karatasi yenye mstari wa kalamu nene. Uzi unapofunika mstari ukienda kulia, ndipo unapoanza. Ukifunika mstari ukirudi kushoto, nyamaza. Hilo ni nusu. Na usisubiri uone ndipo ubonyeze. Mpiga makofi kwenye ngoma hasubiri asikie pigo ndipo akutanishe viganja. Angefanya hivyo angekuwa nyuma ya ngoma usiku kucha. Analijua pigo linalokuja, na makofi yake yanatua juu yake. Pendulamu ina mdundo, ufuate: tatu, mbili, moja, sifuri, na kwenye sifuri kidole kimeshuka.

Sifuri, nasema. Asiyeanza na sifuri anaanza na "moja", akifika "ishirini" gololi imebembea mara 19, na g yake inakuwa 10.8. Aliyechelewa kuzima kwa bembeo zima anapata 8.9. Aliyehesabu kila nusu kuwa bembeo anapata karibu 39, na kwa kawaida huyo hushtuka mwenyewe. Msahihishaji mzoefu haoni g ya 10.8 kama makosa ya kibinadamu ya jumla jumla. Anaona mtoto aliyeanza kuhesabu na moja, kana kwamba alikuwa amesimama pembeni yake.

Simu nazo zimeleta swali lao, dada wa lile la kwanza: stopwachi ya simu inasoma hadi sehemu ya mia ya sekunde, kwa nini basi tusipime bembeo moja tu? (Shuleni simu haziruhusiwi, najua. Maswali haya huja wakati wa likizo.) Simu inasoma sehemu za mia, wewe husomi. Ukipima bembeo moja mara tano utapata kitu kama 1.93, 2.08, 2.01, 1.97, 2.11. Tarakimu ya mwisho inabadilika kwa sababu ya kidole chako, na simu haina la kufanya zaidi ya kuionyesha kwa uaminifu. Kama jedwali la mtihani linataka desimali mbili, andika mbili. Ila usiziamini. Na kioo cha simu hakina mbofyo wa kuhisiwa kidoleni, kwa hiyo wengi huinamisha macho kukitazama kidole wakati uzi unapita kwenye alama. Stopwachi ya vitufe, hata ya bei rahisi, ni bora kwa kazi hii.

Kuhusu pembe, walimu wenzangu mnawatisha watoto bure. Pembe ya nyuzi 10 inarefusha muda kwa chini ya asilimia 0.2, yaani sekunde 0.08 kwenye 40, ambayo imemezwa na yumbayumba ya mkono. Nyuzi 30 ndiyo balaa: asilimia 1.7, sekunde 0.7 nzima. Mwanafunzi asihangaike na protrakta kutafuta nyuzi 5 kamili. Kwa uzi wa mita moja avute gololi chini ya upana wa kiganja, imetosha. Uzito wa gololi nao haumo kwenye fomula. Anayewaambia kwamba gololi nzito hubembea haraka zaidi amekosea. Chuma kinapendelewa kwa sababu hewa haikisumbui haraka kama inavyosumbua kizibo cha chupa.

Baada ya 0.2, dawa ya pili ya tuisheni ni kupika. Unajua jibu "linatakiwa" liwe 9.81, basi unarudi nyuma, unakokotoa muda ambao ungelileta, unaujaza kwenye jedwali. Wapishi hawa wana tatizo wasilolijua: wanapika chakula cha nchi nyingine. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alitumwa na Chuo cha Sayansi cha Paris kwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta. Saa yake ya pendulamu, iliyokuwa sahihi Paris, ilichelewa kule kwa zaidi ya dakika mbili kwa siku. Ili ipige sekunde sawasawa alilazimika kuifupisha pendulamu kwa takriban milimita 2.8. Mvutano karibu na ikweta ni mdogo kuliko Ulaya, na Newton alilitumia jambo hilo katika kitabu chake cha 1687 kutetea kwamba dunia si tufe kamili, imebonyea kwenye ncha. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo sisi tuko kwa Richer, hatuko Paris. Hapa g ni 9.78. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, inapungua kidogo tena. Thamani ya 9.81 ni ya London na majirani zake, na imekuja kwetu ndani ya vitabu.

Je, jaribio la shule linaweza kuiona tofauti hiyo? Kwa mabembeo 20, hapana. London na Dar zinatofautiana kwa sekunde 0.06 tu kwenye 40, na mkono hauwezi. Kwa mabembeo 100 tofauti ni karibu theluthi ya sekunde, na kama urefu umepimwa kwa uangalifu wa milimita, inaanza kuonekana. Lakini 9.81 kamili, kutoka kwenye uzi wa sentimita 40 na mabembeo 10, na nukta zote za grafu zikiwa zimelala juu ya mstari bila hata moja kutoka nje? Huyo ni mpishi. Jedwali la mkweli lina 28.4, 28.2, 28.5 kwa urefu mmoja. La mpishi lina 28.40 mara tatu. Mimi nampa alama nzuri zaidi mwenye 9.6 aliyotoka nayo maabara.

Sasa yaliyobaki, haraka. Uzi ubanwe kati ya nusu mbili za kizibo kilichopasuliwa, usizungushwe kwenye fimbo ya standi, kwa sababu ukizungushwa unafupika na kurefuka kila gololi inapokwenda na kurudi. Tumia uzi wa kushonea, nailoni inanyumbuka. Urefu upimwe gololi ikiwa inaning'inia, kutoka ukingo wa kizibo hadi katikati ya gololi. Ukisahau nusu kipenyo cha gololi kwenye uzi mmoja, g inaharibika, ukichora grafu ya muda wa bembeo moja kwa kipeo cha pili dhidi ya urefu, haiharibiki, maana mstari unasogea pembeni bila kubadilisha mteremko, na mteremko ndio unaoleta g (hapa kwetu utakuwa karibu 4.04 kama urefu uko kwenye mita). Tumia urefu tano au sita tofauti, kuanzia sentimita 40 hadi 100, kila mmoja mara tatu. Uzi mfupi, ongeza mabembeo: 30 au 40. Mwenye simu nyumbani na hamu ya kujua zaidi, arekodi video akiwa ameisimamisha simu mezani, ahesabu picha kati ya kupita kwa kwanza na kwa mwisho. Kwa picha 30 kwa sekunde yumbayumba inashuka hadi takriban sekunde 0.03, na kidole hakimo tena. Shule yenye kihisi cha mwanga haihitaji makala hii. Na feni ya maabara izimwe kabla hamjaachia gololi, hata kama ni Februari.